Gogo la Mgomba Tulilozika Badala ya Mguu Wako

Egesa wangu, mwenye mguu mmoja na maneno ya watu wawili,

Najua ukirudi kutoka Mwello kuwaaga wajomba zako utakuwa umeshiba na umechoka, na tukianza kuzungumza tutagombana. Mimi na wewe hatujawahi kuagana bila kugombana. Ndiyo maana nimekaa hapa mlangoni, jua bado lipo, nimeshika kalamu yako ya bluu na kukuandikia. Sitakuambia habari ya mashuka wala sabuni wala nani atakupokea. Mtu aliyevusha magunia ya mahindi mpakani kwa baiskeli ya kuzungushwa kwa mkono tangu akiwa kijana wa sekondari hafundishwi kupanda basi.

Nakuandikia juu ya ile ahadi. Wiki iliyopita baba yako mdogo Ojiambo alikuita kwake akakukalisha chini. Alikuambia kwamba kwa kuwa sasa unakwenda kusomea kazi ya maabara palepale wanapouhifadhi mfupa wa mguu wako, huna tena kisingizio. Utakaporudi likizo urudi nao, mfupa huo uzikwe nyumbani. Nawe kwa heshima ukasema ndiyo. Ulirudi hapa umenuna ukaniambia, "Mama, nimekubali. Nimechoka na hii vita yenu."

Nilikwenda kupasua kuni, na unajua mimi nikipasua kuni ambazo hazihitajiki maana yake ni nini. Sitaki uulete, Egesa. Lakini siwezi kukukataza kama mtoto mdogo, kwa hiyo nitakusimulia yote, hata yale yaliyotokea ukiwa umelala, halafu utaamua.

Uvimbe ulianza juu kidogo ya goti, ukiwa darasa la sita. Ulilalamika, nikasema ni mpira. Ukalalamika tena, nikasema ni uvivu wa kwenda kuchota maji. Ulipoanza kuchechemea ndipo nikakupeleka Iyolwa kwa yule bwana anayekanda mifupa. Hakuwa mtu mbaya. Mfupa uliovunjika aliuweza, na wengi wanatembea leo kwa sababu yake. Wako haukuwa umevunjika, ila hilo hatukulijua, yeye wala mimi. Nilikukalia kifuani mimi mwenyewe ili usijitupe, naye akaushika mguu akaukanda kama unga wa chapati. Ulipiga kelele mpaka majirani wakasimama uani. Ukaniuma mkono. Nami nikakuzaba kofi la mdomo, nikakuambia wanaume hawalii hivyo. Tulirudi kwake tena na tena, na kila mara nilikukalia kifuani. Alama ya meno yako ipo mpaka leo chini ya kidole gumba changu, na sitaki ipotee.

Hospitali kubwa walipotuambia ni kansa ya mfupa na mguu lazima ukatwe juu ya goti, sikulia. Nilitafuta mtu wa kupiga. Siku hiyohiyo, kwa bahati yake mbaya, akaja Daktari Akinyi.

Wakati huo alikuwa binti mwembamba tu kutoka upande wa Kenya, mwenye miwani, anayefanya utafiti wa mifupa na viungo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda chako, akanipa pole, halafu akasema, "Mama Egesa, mguu ukishatoka tungeomba tubaki nao. Tuuchunguze."

"Mchunguze nini? Si mmesema mnajua ni kansa?"

"Jina tunalijua. Kwa nini inamshika mtoto ambaye bado anakua, na kwa nini mmoja anapona na mwingine hapana, hayo hatuyajui vizuri, mama. Ndiyo maana tunaomba."

Hatuyajui! Nilikuwa nimeuza mbuzi wangu wote kufika mbele ya watu wanaojua. Mkono wangu ulimfikia kabla sijajua kuwa umeondoka. Miwani iliruka ikaingia chini ya kitanda cha jirani. Nilimpiga kofi la pili, nikamshika koti, nikawa napiga kelele kwamba wanataka kumpika mtoto wangu supu. Manesi wawili walinivuta hadi ukutani, na nikampiga teke mmoja wao pia. Huyo sijawahi hata kumjua jina nimwombe radhi.

Wewe ulikuwa umekaa unatutazama. Halafu ukasema, kwa sauti ile yako ya kujibu mwalimu, "Kwani mguu ni ya nani? Mbona mnanipita tu kama siko? Niulizeni mimi."

Daktari Akinyi alikuja akachuchumaa mbele yako, shavu limemvimba, miwani mkononi. Akakuuliza wewe. Ukataka kujua kama wataukata tena ukiwa unasikia maumivu. Akasema hapana, utakuwa umeshatoka, hautakuuma tena kamwe. Ukauliza kama watajua kitu gani kilikuwa kinakuuma. Akasema, "Sijui, Egesa. Pengine tutajua. Na pengine hautakusaidia wewe, utamsaidia mtoto mwingine."

Ulifikiri, ukakunja uso. "Basi chukueni. Lakini mtu asiucheke."

Nikaweka sahihi chini ya jina lako, huku mkono wangu ukinichoma kwa yale makofi. Nimekuwa na watu wengi jasiri maishani mwangu, baba yako Mungu amrehemu akiwa mmoja, lakini sijaona kama wewe siku ile.

Sasa habari ya nyumbani. Wewe unakumbuka kelele na vumbi, kwa kuwa ulikuwa kwenye mkeka bado umelewa dawa. Tulipofika tulimkuta Ojiambo ameshachimba shimo nyuma ya nyumba ya Kukhu, bibi yako. Unajua desturi ya huku kwa baba yako: kiungo kikitoka mwilini kinarudi kwenye udongo wa nyumbani, kimngojee mwenyewe. Alikuwa amelichimba vizuri, kwa upendo, hilo siwezi kumnyima. Alikuja mpaka langoni akaangalia mizigo yetu.

"Mulamwa, mguu iko wapi?" Ndivyo mashemeji tunavyoitana, hata tukiwa tayari kuuana.

"Umebaki hospitali. Egesa mwenyewe ametoa. Wanausoma."

"Wanasoma? Mguu ni gazeti?" Akashika jembe lake. "Ndugu yangu alikufa akaniachia huyu mtoto mzima. Wewe, mtu ya Mwello, unakuja hapa kutoa watu wetu kipande-kipande?"

Alinipiga na mpini wa jembe begani. Nikaanguka juu ya magongo yako mapya, moja likavunjika. Akanipiga tena mgongoni, na tena, na kila pigo alikuwa anaita jina la baba yako. Nilitambaa mpaka kwenye kinu. Mchi ulikuwa umeegemezwa pale. Nikasimama nao, akanyanyua mpini tena, nami nikaupiga ule mkono wake kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa. Ulilia kama mua unaovunjwa juu ya goti.

Hakupiga kelele. Alinirukia na mkono uliobaki akanikaba koo, tukaanguka wote karibu na shimo. Nikaona uani kunakuwa giza, nikasikia wewe unaniita kutoka kwenye mkeka, nami siwezi kuitika. Nilimng'ata sikio nikasikia damu mdomoni. Hakuachia. Alitaka kuniua, Egesa, na mimi nilitaka kumuua, na wote wawili tulikuwa tunafanya hivyo kwa ajili yako.

Ndipo Kukhu akatokea nyuma ya nyumba na panga. Mimi nilijua ananimalizia. Kumbe kwa mkono wa pili alikuwa anaburuta gogo la mgomba alilolikata muda huohuo, maji yake yanachuruzika. Alilitupa kati yetu likampiga Ojiambo mbavuni.

"Watu ziwa ilimeza, tulizika nini?" alisema. "Hii. Vijana walipotea kwa vita, tulizika nini? Si ni hii? Basi zikeni, na wewe Ojiambo achia mama ya mtoto shingo yake. Mimi nimechoka kuzika."

Alivua leso yake akalifunga gogo lile mwenyewe, taratibu, kama anavyofungwa mtoto. Tukalizika. Mimi nikitema damu, Ojiambo akisukuma udongo kwa mkono mmoja, ule mwingine ukining'inia, machozi yanamtoka. Kukhu ndiye aliyeomba sala, akalitaja jina lako lote.

Ojiambo hakwenda hospitali. Alisema hatawapelekea watu wale kiungo kingine. Mkono ukajiunga wenyewe, umepinda, na mpaka leo kikombe cha chai hakimfikii mdomoni bila kuinamisha kichwa. Tukiwa kwenye matanga au harusi mimi namwangalia akinywa, na yeye anajua ninamwangalia.

Unategemea niseme najuta. Najuta makofi ya Daktari Akinyi. Kofi nililokuzaba Iyolwa nalijuta mpaka usingizi unanikataa. Mkono wa Ojiambo sijui bado. Kuna siku najuta, na kuna siku najuta kwamba nilivunja mmoja tu.

Nakuambia haya kwa sababu ya siku ile mpakani. Unaijua. Yule mpakiaji mizigo alikuita nusu mtu mbele ya wenzako wa baiskeli za mkono, akacheka. Nilikuwa nakuja na beseni langu la dagaa nikakukuta umeshashuka, umekaa juu ya kifua chake, unampiga usoni na gongo. Meno yalikuwa chini. Watu walikuwa wameanza kuokota mawe, na hawakuwa wamejua bado wampige nani. Nilipokuvuta ulinigeukia na gongo limenyanyuliwa, na nikaona uso wangu mwenyewe. Nilimwaga dagaa wote siku ile na sikuwakumbuka mpaka jioni.

Hasira hiyo hukuiokota barabarani, ni yangu. Dawa yake sina, ningekuwa nayo ningeinywa kwanza mimi. Lakini nimejichunguza, na nimeona kitu kimoja. Mara zote nilizopiga mtu ni wakati nilipokuwa sijui. Nilikuzaba kofi kwa sababu sikujua kwa nini unalia. Nilimpiga daktari kwa sababu sikujua kama utaishi. Ojiambo naye alinipiga kwa sababu hakujua atamwambia nini ndugu yake huko aliko. Kutojua kunaniuma kama jipu, na nikiumwa narusha mkono.

Yule binti alikaa kitandani kwako, akasema "sijui" bila kutetemeka, akapigwa, na baadaye akachuchumaa akasema "sijui" tena. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba ile ndiyo kazi yake. Anaamka asubuhi anakwenda kukaa na kitu asichokijua, hakipigi, hakikimbii, anakiangalia tu mpaka kiseme. Wewe umechagua kazi hiyo. Unafikiri naogopa utashindwa masomo? Naogopa siku utakayokaa mbele ya kitu kisichosema, mkono ukaanza kukuwasha. Siku hiyo toka nje, pasua kuni kama zipo.

Sikuwahi kukuambia kwamba nilikwenda kumtafuta. Ulikuwa umemaliza dawa, nywele zimeanza kuota. Nilimpelekea kuku, nikamwomba radhi, naye akacheka akasema, "Mama Egesa, hiyo kofi ilikuwa noma, lakini nimepona." Akanionyesha kipande cha mfupa wako, chembamba kuliko ganda la kitunguu, ndani ya kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Nilikiangalia mpaka jicho likatoka machozi. Nilikuwa nakitafuta kitu cha kukichukia. Nikaona rangi tu, waridi na zambarau, imechafuka kama kitambaa kilichochujuka. Akaniambia hicho kilichokula mguu wako ndicho wanachokisoma, na kwamba hata wewe ukizeeka wao wataendelea kukisoma.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wao. Kikundi chao kilipokuja kwenye kituo chetu cha afya kutafuta wazazi wenye watoto wanaoumwa mifupa na viungo, na watu wakaanza kusema hawa ndio wale wanaokula miguu, nani alisimama langoni? Wewe ulikuwa shuleni. Walirusha mawe mawili, moja likanipata paji la uso, hili kovu unaloniuliza. Nilikuambia nilijigonga kwenye dirisha. Sikurudisha jiwe. Nilikaa chini palepale damu ikinitoka, nikawasimulia habari ya Iyolwa, jinsi nilivyokukalia kifuani. Mama mmoja akatoka kwenye kundi na mtoto mgongoni. Halafu mwingine.

Sasa nifike leo.

Ulipoondoka tu asubuhi, Ojiambo alikuja. Hakuwa ameingia uani kwangu tangu ile siku ya gogo. Alisimama palepale langoni, kofia mkononi, na pembeni yake alikuwa Nabwire, mjukuu wake, yule mwenye pengo anayependa kukuvuta shati. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama kuku.

"Mulamwa," alisema. "Goti yake."

Nilitazama. Egesa, mtoto wangu, nitakuambia ukweli kwa kuwa hakuna mwingine nitakayemwambia. Kabla ya huruma nilisikia furaha. Fupi, lakini ilikuwepo. Na mdomo wangu ukasema, "Kachimbe shimo basi."

Alilipokea neno hilo usoni kama alivyoupokea mchi, bila kelele. Nabwire akamwangalia babu yake, akaniangalia mimi, hakuelewa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sema yote," Ojiambo akasema. "Mimi nasimama hapa, sema yote. Lakini angalia mtoto."

Nikamketisha mlangoni, hapa nilipokaa sasa. Uvimbe uko juu kidogo ya goti. Ni mgumu, una joto. Nikamuuliza kama unauma akiwa amelala, akasema ndiyo, zaidi ya akicheza. Nikaikalia mikono yangu.

"Mmekanda?" nikamuuliza Ojiambo.

"Hapana," alisema. "Walitaka. Nilikataa. Nilikumbuka kelele ya Egesa."

Nikampigia Daktari Akinyi simu mbele yake. Nilimweleza, nikamuuliza kama ni ule ule ugonjwa. Unajua alichojibu. "Sijui, mama. Mlete kesho." Nikamtazama Ojiambo, kwa kuwa simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, na nilitegemea atalipuka kama mimi nilivyolipuka. Alikuwa anaugusagusa ule mkono wake uliopinda.

Halafu akasema, "Ile mfupa ya Egesa. Mwambie ile ahadi nimeondoa. Ikae kule. Waangalie tena, waangalie sana."

Alipofika njiani alirudi hatua chache. "Mulamwa, kumbe huyu kijana alitoa kwa ajili ya nani? Si alitoa kwa ajili ya huyu Nabwire?"

Sijamsamehe, usifikiri nimekuwa malaika, lakini nilimtilia chai, nikaijaza nusu kikombe tu ili isimmwagikie.

Kwa hiyo kesho hutasafiri peke yako. Nabwire atakaa kati yako na babu yake. Ojiambo anaogopa kuliko mtoto, usimcheke. Pengine ni ule ugonjwa, pengine ni uvimbe tu wa kuanguka, hatujui, na njia nzima mtakaa na kutojua huko kifuani kama mzigo. Mtoto haambiwi asilie. Akitaka kuona mguu wako unapoishia, mwonyeshe.

Na mkifika kule, Egesa, babu yake atataka kusema kwa niaba yake. Madaktari watamtazama babu. Na wewe, kwa kuwa uliwahi kulala kitanda kile, utataka kueleza kila kitu kwa kuwa unajua. Nyamazisha wote, ukianza na wewe mwenyewe. Chuchumaa kama magongo yatakuruhusu, na kama hayaruhusu kaa sakafuni. Mguu ni wa Nabwire. Muulizeni yeye kwanza.

Nasikia magongo yako njiani. Wacha niikunje hii kabla hujafika tukaanza kugombana.

Mimi niliyekukalia kifuani,
mama yako,
Athieno